Furaha na Kuridhika na Maisha kwa Akina Mama Wachapakazi: Somo Kutoka Mpanda na Mkoa wa Katavi

Katika mazungumzo ya mjini, na katika tafiti nyingi zilizofanyika katika nchi za viwanda, mama anayefanya kazi ni yule anayetoka asubuhi kwenda ofisini, kiwandani au dukani na kurudi jioni kwa watoto. Mkoani Katavi maana hiyo huwaacha nje wengi kuliko inaowaingiza. Mama wa bonde la Mpimbwe anayelima mahindi kwa jembe la mkono, akachota maji, akapika, na jioni akachuja pombe ya kuuza ili apate fedha ya chumvi na daftari, hana barua ya ajira. Mama wa Karema anayeanika dagaa mchangani kando ya Ziwa Tanganyika hana barua hiyo. Mama lishe wa stendi ya Mpanda hana. Wote watatu huamka kabla ya jogoo na kulala baada ya waume zao. Kwa hiyo, anayetaka kuelewa furaha ya akina mama wachapakazi katika mkoa huu haanzi kwa kuuliza kama mama anafanya kazi. Huanza kwa kuuliza kazi hiyo anamfanyia nani, mtoto anamwacha na nani, na msimu ukiisha ni nani anayehesabu fedha.

Jambo hili lina uzito wa kitabibu. Mwaka 2011 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 17 kutoka nchi zinazoendelea. Ulionyesha kwamba watoto wa akina mama wenye dalili za sonona walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, takriban mara 1.5, wa kuwa na uzito pungufu, na takriban mara 1.4 wa kudumaa, wakilinganishwa na watoto wa akina mama wasio na dalili hizo. Rukwa, mkoa uliomzaa Katavi, ulikuwa na kiwango cha udumavu cha asilimia 56 katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, ingawa ni miongoni mwa mikoa inayojaza maghala ya mahindi ya nchi. Chakula kilikuwapo mkoani. Kilichokosekana ni kingine, na sehemu ya hicho kingine huenda imo katika muda, nguvu na moyo wa mama. Hali ya moyo wa mama, kwa maneno mengine, inaweza kusomwa kwenye mizani ya mtoto.

Mkoa wa wenyeji na wahamiaji

Katavi ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda, mji uliokua kutokana na madini ya risasi na reli ya tawi kutoka Kaliua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604; ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi mkoa ulizidi mara mbili, na ongezeko la namna hiyo haliletwi na uzazi peke yake. Watu wanahamia.

Wenyeji wa zamani ni Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, pamoja na Wafipa waliosambaa kutoka Sumbawanga. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wamekuwa wakishuka na mifugo yao kutafuta malisho na ardhi ya mpunga. Miaka hiyohiyo, baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wengi wao na wazao wao wamekuwa raia wa Tanzania baada ya uamuzi wa kuwapa uraia watu zaidi ya 162,000, na vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Juu ya hao wapo walimu, wauguzi, makarani na askari waliopangiwa vituo vya kazi huku, mara nyingi kutoka Mbeya, Kagera, Kilimanjaro au Dar es Salaam. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo, katika foleni moja ya kliniki ya mama na mtoto, mwanamke aliyetolewa mahari ya ng'ombe hukaa karibu na yule ambaye ndoa yake ilianza bila mahari kubwa, na wote wawili wakapimiwa watoto na muuguzi ambaye mama yake mzazi yuko safari ya siku mbili.

Hapo ndipo swali la tofauti za kitamaduni linapopata uzito wake. Je, wanawake hawa wakiulizwa kama wameridhika na maisha, wanajibu swali moja?

Salamu si kipimo

Wataalamu wa saikolojia hutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili cha kila siku pia hutenganisha, ingawa hakifanyi makelele juu yake. Furaha ni hisia: huja na kuondoka, kama kicheko cha akina mama wakipalilia pamoja. Kuridhika ni hukumu: mtu hukaa, akaangalia maisha yake yote, akayalinganisha na yale aliyoyatarajia. Mtu anaweza kuwa na siku nyingi za kicheko katika maisha asiyoridhika nayo. Na anaweza kuridhika sana na maisha yenye siku nyingi za uchovu. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake waajiriwa 909 wa jimbo la Texas, Marekani, walioombwa kuisimulia siku iliyotangulia kipande kwa kipande na kueleza walivyojisikia katika kila kipande. Muda wa kuwahudumia watoto ulipata alama za chini kuliko wengi walivyotarajia, ingawa wanawake haohao wangeulizwa kwa jumla pengine wangesema watoto ndio furaha yao kubwa. Usingizi mbaya na kubanwa na muda kazini vilihusiana na hali ya moyo ya siku kuliko kipato.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa upande wa kuridhika ni ngazi ya Hadley Cantril, iliyotungwa katika miaka ya 1960. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kutoka 0 hadi 10. Kidato cha juu ni maisha bora kabisa yanayowezekana kwake, cha chini ni mabaya kabisa. Kisha aseme amesimama wapi. Kwa kipimo hiki Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 156 katika ripoti ya furaha duniani ya mwaka 2018, na nafasi hiyohiyo mwaka 2019. Wengi nchini walizisoma habari hizo kwa mshangao, maana hawakuwa wamejiona kuwa watu wa huzuni kiasi hicho. Mshangao huo una msingi. Ngazi haipimi kicheko. Inapima umbali kati ya mahali mtu alipo na mahali anapoweza kupawaza. Kijana wa Mpanda anayeona maisha ya Masaki kwenye simu yake ana ngazi ndefu kuliko bibi yake, hata wakilala nyumba moja.

Upande wa pili upo pia. Mwaka 2005 Robert Biswas-Diener na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliowajumuisha Wamasai wa Kenya, watu wasio na umeme wala akaunti ya benki kwa wakati ule, na wakakuta wastani wao wa kuridhika uko juu ya katikati ya kipimo. Matokeo kama hayo hupendwa sana na wale wanaotaka kuamini kwamba maskini wana raha zao na hivyo hawahitaji kitu. Ni usomaji wa haraka. Utafiti huo ulionyesha kwamba watu wanaoishi kwa kadiri ya matarajio ya jamii yao huweza kuridhika. Haukusema kwamba hawaugui.

Kwa Kiswahili kuna kikwazo kingine, na hiki hakimo katika vitabu vingi vya mbinu za utafiti. Mtu akiulizwa habari hujibu «nzuri» kwanza, hata kama nyumbani ana mgonjwa. Habari yenyewe hufuata baada ya neno «ila». «Nzuri, ila mtoto alikesha na homa.» «Salama, ila mvua imetunyima.» Huo ni utaratibu wa adabu, unaompa mwulizaji nafasi ya kuingia ndani ya shida kwa hatua. Vilevile «namshukuru Mungu» ni wajibu wa mtu mbele ya Muumba wake, na aliyeitamka hajatoa taarifa ya kidato alichosimama. Na pale ambapo jirani mwenye kijicho anaogopwa, kutangaza kwamba maisha ni mazuri mno ni kujianika. Mdodosaji anayeandika namba kabla ya kusikia «ila» ameandika salamu.

Vipimo viwili vya ndoa njema

Tofauti za utamaduni zinaonekana wazi zaidi katika ndoa, kwa kuwa ndoa ndiyo mkataba wa kazi wa mama wa kijijini.

Kwa Wasukuma wengi mahari ya ng'ombe ni jambo zito. Ng'ombe hutoka kwa ukoo mmoja kwenda kwa mwingine, na ndoa ikivunjika hesabu hurudi mezani. Mji wa Kisukuma wenye mafanikio ni mkubwa: mwenye mji, wake, wana walioa, wakwe, wajukuu, maksai na jembe la kukokotwa. Ukewenza si jambo la ajabu. Mwanamke katika mji wa namna hiyo huwa na mikono mingi ya kumsaidia kulea na kulima, na akizeeka akiwa na wana na wakaza-wana anakuwa mtu wa kuamuru. Miaka yake migumu ni ya mwanzo, anapokuwa mgeni chini ya mama mkwe, na Kiswahili chake pengine ni kichache.

Kwa Wapimbwe mambo yalikuwa tofauti. Mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya utafiti Mpimbwe tangu katikati ya miaka ya 1990, amezieleza ndoa ambazo mahari yake si kubwa na ambazo huvunjika na kufungwa upya kwa urahisi, na wanawake wenye shughuli zao wenyewe za kilimo na pombe. Katika makala yake ya mwaka 2009 alihoji dhana ya kawaida kwamba mwanamume ndiye anayenufaika kwa kuoa tena na tena. Takwimu zake zilionyesha kuwa kwa Mpimbwe wanawake walioolewa mara kadhaa hawakuwa wamepoteza, na kwa upande wa watoto waliofikia ukubwa walikuwa na faida. Mwanamke aliyemwacha mume mlevi na kurudi kwa ndugu zake hakuonekana kuwa ameharibikiwa. Alikuwa amechagua.

Basi wanawake wawili wanaoishi vijiji jirani wanaweza kutamka neno «nimeridhika» kwa sababu zinazopingana. Mmoja anaridhika kwa kuwa amedumu: amevumilia, wanawe wamekua, mji umesimama. Mwingine anaridhika kwa kuwa hakulazimika kudumu. Dodoso linalouliza «je, uko katika ndoa imara?» na kuihesabu ndiyo kuwa dalili ya ustawi limeshaamua upande kabla ya kusikia. Tahadhari ni muhimu hapa: si kila Msukuma ana ng'ombe na si kila Mpimbwe huacha mume, na miaka ya kuishi pamoja imechanganya desturi za pande zote. Hata juu ya ukewenza wenyewe, jambo ambalo wanaharakati na wahubiri hulisemea kwa uhakika mkubwa, utafiti wa David Lawson na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 kutoka vijiji 56 vya kaskazini mwa Tanzania haukukuta kwamba ukewenza peke yake ndio unaodhoofisha afya ya watoto. Vijiji vyenye ukewenza mwingi vilikuwa pia na ukame na huduma hafifu, na ulinganisho ulipofanywa ndani ya kijiji kimoja madhara hayo hayakuonekana. Hilo halimwambii mtu kwamba mke mwenza hana kinyongo. Linasema tu kwamba chanzo cha tabu kinapaswa kutafutwa kwa macho mawili.

Kwa wakazi wa Katumba na Mishamo kipimo kina historia nyingine. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi watu waliotoka nchi moja, kwa sababu moja, walivyokuja kujiona tofauti. Waliowekwa makazini waliipima hali yao kwa nchi waliyoipoteza. Waliojichanganya mjini waliipima kwa nafasi za siku: biashara, ndoa, jina jipya. Malkki hakuwa akipima furaha, na si haki kumtwisha hoja hiyo. Lakini kazi yake inafundisha kwamba kinachoamua jibu la mtu ni yule anayejilinganisha naye. Mama wa Mishamo wa leo, aliyezaliwa Tanzania na mwenye uraia wake, huenda hajilinganishi tena na Burundi ya wazazi wake bali na duka la jirani au binti aliyefika chuo. Ngazi yake imehamishwa ukuta.

Njaa haiulizi kabila

Baada ya tofauti zote hizo, kuna jambo ambalo linafanana, na ndilo lenye manufaa makubwa kwa mhudumu wa afya.

Craig Hadley na Crystal Patil walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya walezi zaidi ya 400 katika jamii mbili za vijijini Tanzania, wa makabila manne, wakiwemo Wapimbwe na Wasukuma wa eneo ambalo leo limo mkoani Katavi. Waliwauliza akina mama juu ya uhaba wa chakula nyumbani, na kando yake wakatumia orodha ya dalili za wasiwasi na sonona iliyokwisha kutumika katika nchi nyingi. Katika makundi yote manne, kadiri uhaba ulivyokuwa mkubwa ndivyo dalili zilivyozidi. Utamaduni haukuufuta uhusiano huo. Mwaka 2008 walitoa sehemu ya pili: waliwarudia walezi katika misimu tofauti, na wakaona kwamba chakula kilipobadilika, dalili zilibadilika pamoja nacho.

Kwa anayeijua Katavi, kalenda ya matokeo hayo haina mafumbo. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mavuno ya mahindi huanza Mei na kuendelea mpaka Julai. Januari hadi Machi ni miezi ambayo kihenge kimefika chini, shamba linadai palizi, malaria imepanda, na mama mjamzito au anayenyonyesha analima shamba lake na pengine la mwingine kwa kibarua cha debe moja. Kazi ni nyingi zaidi pale ambapo chakula ni kichache zaidi. Mtafiti atakayepima kuridhika Mpimbwe mwezi Julai na mjini Mpanda mwezi Februari ataandika kwamba watu wa vijijini wana furaha kuliko watumishi, na hatakuwa amepima utamaduni. Atakuwa amepima mwezi.

Uhaba wenyewe nao si sawa na ukosefu wa mavuno. Kuna nyumba zinazovuna magunia ya kutosha na kuyauza yote kwa mnunuzi wa kwanza aliyefika na lori, kwa sababu ada, deni la pembejeo au pikipiki vilikuwa vikingoja. Aliyeyapalilia hakushauriwa. Mama wa nyumba hiyo hukaa Februari akikopa unga, akijua mwenyewe magunia yalikuwa mangapi. Huzuni ya namna hii ina uchungu wa pekee, na haiponi kwa kumwambia apumzike.

Mama wa mshahara

Mjini Mpanda yuko mama ambaye sheria inamfahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Baba hupewa siku tatu. Ni haki za maana, na mama wa Karema hana hata moja; dagaa hawana likizo.

Hata hivyo, muuguzi au mwalimu aliyepangiwa Katavi huwa amekosa kitu ambacho mama wa kijijini anacho bila kukiomba. Mwanamke wa Mpimbwe akijifungua, mama yake au dada yake yuko umbali wa kutembea. Wa Kisukuma ana mji mzima. Mtumishi aliyetoka mkoa wa mbali, bibi akishamaliza wiki zake chache na kupanda basi kurudi, hubaki na msichana wa kazi ambaye naye ni mtoto wa mtu, pengine mwenye miaka kumi na mitano, analea bila mshahara wa kueleweka. Kuridhika kwa mama wa ofisini hapo kumejengwa juu ya kazi ya mwanamke mwingine, mdogo na maskini zaidi, ambaye hakuna dodoso la furaha linalomfikia. Mshahara hununua unga mwezi Februari; haununui mtu wa kumwachia mtoto kwa moyo mkunjufu zamu ya usiku inapofika.

Na wapo waliokuwa mama kabla ya kuwa watu wazima. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16, Katavi iliongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 34, bado juu ya wastani wa taifa wa asilimia 22. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida. Ruhusa hiyo haimpi mtu wa kumshikia mtoto darasani likiendelea. Kwa msichana wa namna hii swali la kuridhika lina ukatili ndani yake, kwa kuwa linamtaka ayahukumu maisha ambayo hajapewa nafasi ya kuyachagua. Wengi hujibu kwa kuinama.

Ndani ya chumba cha kliniki

Vipimo vya sonona kwa Kiswahili vipo. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 uthibitisho wa orodha ya dalili iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa wanawake wajawazito wenye maambukizi ya VVU jijini Dar es Salaam. Mwaka 2008 walitoa kipimo cha maswali 19 kilichotungwa kwa kuzingatia namna watu wa hapa wenyewe wanavyoieleza tabu ya moyo. Hatua hiyo ya pili ina thamani kubwa, kwa kuwa mgonjwa wa sonona Tanzania ni nadra kusema «nina huzuni». Husema kichwa kinawaka, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, ana mawazo. Mhudumu asiyezoea lugha hiyo humwandikia dawa ya maumivu na kumwita anayefuata.

Lakini Kiswahili cha Dar es Salaam nacho ni kigeni kwa mama aliyeolewa Mpimbwe kutoka Usukumani mwaka jana, au kwa bibi wa Mishamo anayewaza kwa Kirundi. Mkalimani wa karibu huwa ni mume au mama mkwe, yaani mtu ambaye pengine ndiye aliyekuwa akitajwa. Ni bora kungojea mama mwingine wa foleni anayejua lugha zote mbili, kwa ridhaa ya mwenyewe, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kuliko kupata jibu safi lililopitia mdomo usiofaa. Mizani ina faida moja iliyosahauliwa: mtoto anapopimwa, msindikizaji anaweza kuombwa angoje nje.

Katika dakika chache ambazo muuguzi anazo, maswali ya vitu huzaa zaidi kuliko maswali ya hisia. Usiku unalala, au unakesha hata mtoto akilala? Mahindi yaliyomo ndani yatafika mwezi gani? Yakiuzwa, nani anashika fedha? Ukiumwa leo, nani atampikia mtoto? Mara ya mwisho kukaa na wenzako mkacheka ilikuwa lini? Hakuna hata moja linaloita jibu la «nzuri». Mama wa Kisukuma, wa Kipimbwe, wa Katumba na mwalimu wa mjini watayajibu tofauti, na tofauti hizo zinamweleza mhudumu mahali pa kushika: mmoja ana chakula lakini hana usemi, mwingine ana usemi lakini hana mikono, wa tatu ana mshahara lakini hana mtu.

Januari hadi Machi maswali haya yanapaswa kuulizwa kwa kila mama, hata anayetabasamu. Anayejibu kwamba hana usingizi wala hamu ya kula au ya kufanya kazi kwa wiki mbili mfululizo, au kwamba hamwangalii tena mtoto wake kama zamani, apimwe kwa kipimo kamili na apewe siku ya karibu ya kurudi, isiyongoja tarehe ya chanjo. Anayesema amechoka kuishi aulizwe waziwazi kama amewaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na mara nyingi ni mara ya kwanza mtu kumruhusu alitamke. Huyo asirudishwe nyumbani peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo katika kituo chenye daktari, akisindikizwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, na mtoto akiwa mgongoni mwake au mikononi mwa huyo msindikizaji.